Uzoefu wangu na seti ya kufungulia na kubania mifuniko ya saa

Saa yangu ya mkono ni ya betri, na mfuniko wake wa nyuma hauna skrubu wala nyuzi za kuzungusha, bali umebanwa kwa kusukumwa tu. Mshale wa sekunde ulipoanza kuruka sekunde nne nne, jambo ambalo katika saa nyingi za aina hii huashiria betri inayoelekea kuisha, nilinunua seti ndogo ya vifaa katika duka moja karibu na soko la Mtwara mjini: kisu kifupi chenye ncha bapa, kibano cha plastiki, na mashine ya mkono ya kubania mfuniko pamoja na visahani vyake vya plastiki vya vipimo mbalimbali.

Kisu hakina kasoro. Ukipitisha ukucha taratibu kuzunguka ukingo wa mfuniko, utakuta mahali penye upenyo mdogo, na hapo tu ndipo ncha inapopaswa kuingia, kwa kuwa kwingineko kote ni kuikwaruza saa bure. Nilikizungusha kidogo mkononi badala ya kukisukuma kwa nguvu, na mfuniko ukaachia kwa mlio mfupi.

Kwa sisi tunaoishi Shangani hapa Mtwara, ambako hewa ya chumvi huingia hadi kabatini, raba ya kuzuia maji iliyo chini ya mfuniko inastahili kutazamwa kabla ya betri. Yangu ilikuwa imelala bapa, na mfereji wake ulijaa uchafu wa kijivu wa jasho na vumbi, ambao niliutoa kwa kijiti cha meno. Seti haina raba ya akiba wala grisi ya silikoni, upungufu ambao kwa mji wa pwani si mdogo; vyote viwili nilivipata kwa fundi saa.

Betri ya zamani iliandikwa SR626SW, ambayo pia huuzwa kwa namba 377: ni ya oksidi ya fedha, yenye volti 1.55, kipenyo cha milimita 6.8 na unene wa milimita 2.6. Muuzaji alinipa kwanza LR626, akasema, "Hii nayo inaingia, kaka." Ni kweli inaingia, lakini hiyo ni ya alkali, na volti yake hushuka kidogo kidogo kadiri inavyotumika, kwa hiyo niliirudisha. Kibano cha plastiki kina maana yake hapa, kwani cha chuma kikigusa pande zote mbili za betri huipunguzia chaji.

Kazi yenyewe, kwa maoni yangu, ni kufunga. Mfuniko wangu haukukubali kubanwa kwa vidole gumba, na ndipo mashine ilipolipa gharama yake. Kisahani cha chini lazima kishike fremu ya saa bila kukigusa kioo, la sivyo kioo hupasuka. Cha juu kilingane na ukingo wa mfuniko. Na pengo la mfuniko likae sawasawa na kijiti cha kitufe cha kurekebishia majira. Mhimili wa mashine hii unachezacheza, hivyo niliushikilia kwa mkono mmoja huku nikikandamiza kwa mwingine.

Mwenye saa moja tu ampelekee fundi. Sisi nyumbani tunazo kadhaa, na seti imefaa, ingawa saa niliyoifungua siingii nayo baharini hadi ipimwe kwa shinikizo, hata kama mgongoni imeandikwa mita 50.