Dakika 89 za jasho la watu wengine

Mimi ni mtu wa stimu, yaani mvuke wa sauna. Kila Ijumaa nikishafunga duka, naandamana na jirani yangu hadi sauna moja hapa Kansanga, Kampala. Tunajifunga leso, tunakalia benchi la mbao na harufu ya mkaratusi, umbeya unaanza. Aliponiambia kuna filamu ya Estonia ya wanawake waliokaa tu ndani ya sauna, nilicheka. Nimalize bando kutazama watu wakitoka jasho?

Ni Smoke Sauna Sisterhood ya Anna Hints, ya 2023, iliyompa tuzo ya uongozaji kule Sundance, tamasha la filamu la Marekani. Sauna yao haina bomba la moshi. Moto unawaka chini ya mawe saa nyingi, moshi unajaa, unatolewa, ndipo watu wanaingia. Kuta nyeusi ti! UNESCO iliuorodhesha utamaduni huo wa Võromaa, kusini mwa Estonia, mwaka 2014. Sikujua kuna jasho la urithi wa utamaduni. Wakishapigana migongo kwa matawi, wanajitosa kwenye shimo la maji katikati ya barafu. Hapo nilijikunyata kwenye kochi.

Wako uchi, ndiyo, nami nilivuta pazia. Punde nikasahau. Ni goti, kovu, tumbo lililozaa. Mara nyingi hata humwoni anayesema, unaona bega la anayesikiliza. Mmoja anasimulia alivyobakwa. Hakuna anayemkatiza, hakuna wa "pole dada, mwachie Mungu". Mawe yanamwagiwa maji, tsss, wanangoja.

Mimi nilifundwa na somo Mombasa. Jirani yangu, Mganda, alifundwa na ssenga, shangazi yake. Sote tulifundishwa jinsi ya kumpendeza mume, tena kwa kina! Lakini nani aliwahi kutuuliza miili yetu imepitia nini?

Kasoro ipo: inakwenda polepole mno katikati, na giza lile kwenye simu huoni kitu, tafsiri za Kiingereza nazo ni vijiherufi. Tafuta kompyuta.

Ijumaa iliyofuata jirani akaanza kunieleza habari ya mimba yake ya kwanza, ile ambayo huwa haitaji. Pole ilishanifika mdomoni. Nikaimeza, nikachota maji. Mhudumu akagonga: "Nnyabo, tunafunga." Tukamwomba atungoje kidogo.