TAHADHARI: "Usiku wa kampuni" wa kupiga picha na mastaa, ukilipia kifurushi hela yako hairudi

Ndugu zangu wa Dar na mikoani, someni hapa kabla hamjatuma hela yoyote kwa ajili ya hizi tafrija za kampuni zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mwaliko unaletwa na mtu unayemfahamu: shemeji, mwanakwaya mwenzako, mliyesoma naye. Anakwambia kampuni yao ina usiku mkubwa hotelini, atakuwepo msanii wa Bongo Fleva unayempenda, mtakula, mtapiga naye picha, na kiingilio ni bure. Bure hiyo ni ya wanachama tu, na uanachama unanunuliwa kwa kifurushi. Kifurushi kikiwa kikubwa, meza yako inasogea karibu na jukwaa na gawio la kila wiki unaloahidiwa linapanda. Ukiingiza watu chini yako, unapewa bonasi.

Binti wa dada yangu anauza nguo Mbagala. Alilipia kifurushi kwa mtaji wake wa biashara. Shoo ilikuwepo kweli, na msanii alipanda kweli, akaimba, akashuka kupiga picha na watu wa meza za mbele. Zile picha alizoweka statasi ndizo zilizowavuta wenzake wawili wa pale sokoni. Gawio liliingia mwanzoni, likasimama. Wakaambiwa mfumo unaboreshwa. Baadaye wakaambiwa kila mtu alipe kwanza "kodi" ndipo aweze kutoa hela yake, na wapo waliolipa. Mwisho grupu likafungwa, viongozi peke yao wakabaki na uwezo wa kuandika, na ofisi ikakutwa na kufuli. Binti hana mtaji, na wale wenzake wanamdai yeye, kwa sababu ndiye waliyemwamini. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Nawaomba mlishike hili: msanii analipwa kuja kuimba. Anachukua kazi hiyo kama anavyochukua harusi au uzinduzi wa duka, na meneja wake anaangalia malipo ya shoo, hakagui hesabu za kampuni. Kwa hiyo kumwona jukwaani kunakuthibitishia kwamba kuna mtu amemlipa, basi. Jiulize amelipwa kwa hela ya nani. Kampuni isiyouza chochote kinachoeleweka, inayoishi kwa ada za wanaoingia, inalipa ukumbi, chakula, muziki na msanii kwa hela hizo hizo za vifurushi. Wewe uliyeko pale unajilipia shoo mwenyewe, na watu wako utakaowaleta watalipia inayofuata.

Mchezo huu umechezwa kwenye majukwaa makubwa kuliko ya kwetu. Juni 2016, Ruja Ignatova, mwanzilishi wa sarafu ya mtandaoni iliyoitwa OneCoin, alipanda jukwaani Wembley Arena, London, katikati ya fataki na shangwe za maelfu ya watu, akawaambia kwamba baada ya miaka miwili hakuna atakayeizungumzia tena Bitcoin. Sarafu yake haikuwa na mfumo wowote halisi nyuma yake. Vifurushi vyake viliuzwa nchi nyingi, hadi kwa majirani zetu Uganda, na waendesha mashtaka wa Marekani wanasema zilikusanywa zaidi ya dola bilioni 4. Oktoba 2017 alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na hajaonekana tena. FBI walimweka kwenye orodha ya watu 10 wanaosakwa zaidi mwaka 2022. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023. Wale waliokuwa wakimshangilia Wembley walikuwa wameona kila kitu kwa macho yao, isipokuwa hesabu.

Na sisi tuna DECI, ule upatu ulioahidi kwamba hela unayotoa itarudi imezaa. Waliokuwepo mwaka 2009 wanakumbuka "kupanda" na "kuvuna", na foleni za watu wakidai mbegu zao, yaani hela walizotoa. Pale hapakuwa na mastaa, walikuwepo wachungaji. Kinachotafutwa ni uso ambao watu tayari wanauamini.

Watakuonyesha cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, na namba ya mlipakodi, watakwambia serikali inawatambua. Usajili wa BRELA unasema tu kwamba kampuni ipo kwenye daftari. Kupokea amana za watu kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na kuchangisha umma hela za uwekezaji kunasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Waulizeni taasisi hizo wenyewe, msipokee picha ya karatasi kutoka kwa aliyekualika. Angalieni pia jina linalotokea unapotaka kulipa: kampuni ya mabilioni inayopokea hela kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hapo ondokeni. Upatu wa namna hii ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu yetu, kwa hiyo hata aliyeingiza wenzake kwa nia njema anaweza kujikuta anahojiwa. Kama shida yako ni kumwona msanii, nunua tiketi ya shoo yake iliyotangazwa kwenye kurasa zake rasmi.

Aliyekwisha kulipa asifute kitu. Tunza meseji za miamala, picha za grupu, namba zote, na risiti kama ipo. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, maana hela ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Nenda polisi uandikishe, upewe RB, ile namba ya taarifa yako. Mkienda wengi kwa pamoja malalamiko yanakuwa na uzito. Namba za simu zinazotuma meseji za kitapeli ripotini TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Na jihadharini na wanaojitokeza baadaye wakisema wanaweza kuwarudishia hela zenu mkilipa ada kidogo. Kwa binti yetu wamekwisha kupiga simu, wanajua mpaka kiasi alicholipa. Msiwatumie kitu.