Kopo la laga la bei nafuu: linunue, ila karatasi yake iweke kando

Kopo la laga la bei nafuu, lile la kutengenezea bia nyumbani, linafaa kununuliwa. Bia nyingi za nyumbani zinazotoka chapwa au zenye harufu ya ndizi haziharibiwi na rojo la kimea (nafaka iliyooteshwa) lililomo koponi. Huharibiwa na karatasi ya maelekezo na pakiti ndogo ya hamira iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Tathmini hii haihusu jina moja la kiwanda. Inahusu makopo yote ya aina hiyo, ya kilo 1.5 hadi 1.7, yaliyokwisha kutiwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), yanayoahidi lita 23 za bia ukiongeza kilo moja ya sukari na maji.

Kabla ya kulipa, geuza kopo usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Rojo la kimea huzeeka, na joto huliharakisha. Likikaa miezi kadhaa katika stoo ya mabati, hasa upande wa Kisumu, hugeuka kutoka rangi ya dhahabu hadi hudhurungi na kupata ladha ya molasi ambayo hakuna hamira wala hopsi ya kuiondoa. Lenye tarehe ya mbali ndilo la kuchukua, hata kama la karibu limepunguzwa bei. Lililovimba liache hapo hapo.

Sasa sukari. Kopo la kilo 1.7 likichanganywa na kilo moja ya sukari katika lita 23, haidromita, kifaa cha kupima utamu wa mchanganyiko, itasoma 1.039 hivi, na bia itamaliza na kileo cha asilimia 4 au zaidi kidogo. Kwa tarakimu si mbaya. Shida ni kwamba zaidi ya asilimia 40 ya utamu huo ni sukari tupu. Sukari huchacha yote na kuwa kileo na gesi, haibakishi chochote cha kujaza mdomo wala cha kushikilia povu. Ndiyo maana bia hiyo huwa nyepesi kama maji yaliyosuuza glasi, na povu lake hufa kabla hujaketi. Wengine hubadilisha sukari ya mezani kwa glukosi wakidhani ndiyo dawa. Tofauti yake ni ndogo sana kwa pesa hizo.

Dawa ni mbili na zinakwenda pamoja: punguza maji, badilisha sukari. Tengeneza lita 20 badala ya 23. Weka gramu 500 za kimea cha kuyeyusha, ule unga mweupe unaotokana na rojo la shayiri lililokaushwa, pamoja na gramu 300 za sukari. Haidromita itasoma 1.040 hivi, kileo kile kile, lakini bia ina mwili. Anayependa nzito zaidi aache sukari kabisa na kuweka kilo nzima ya kimea cha kuyeyusha, atapata 1.044. Kwetu sisi mchanganyiko wa kwanza ndio bora kwa laga, kwa sababu mnywaji wa hapa amezoea bia inayoshuka bila kukwama. Makopo mawili katika lita 23 nayo ni njia, ila kumbuka uchungu wa hopsi nao unakuwa mara mbili. Kopo la pili liwe lisilotiwa hopsi, kama lipo.

Hapa pana onyo kwa watu wa Magharibi mwa Kenya, ambako kimea ni neno la kila siku. Kimea cha wimbi kinachouzwa sokoni kwa ajili ya busaa, pombe ya kienyeji, si mbadala wa kimea cha kuyeyusha. Kile ni nafaka iliyosagwa: wanga wake bado haujageuka sukari, na kimebeba bakteria wa uchachu ambao katika busaa ni rafiki na katika laga ni adui. Ukikitia ndani ya ndoo utapata bia yenye ukungu usiotulia na ukali wa maziwa lala. Busaa ina ustadi wake, na laga ina wake.

Tukija kwenye hamira na joto, hapa ndipo bia hushinda au hushindwa. Pakiti ya koponi huwa na gramu 5 hadi 7, na mara nyingi, licha ya neno "laga" kwenye lebo, ni hamira ya eli, bia inayochacha kwenye joto, si ya laga inayotaka baridi. Karatasi husema uchachue kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi. Kwa joto la juu la kiwango hicho hamira hutoa harufu ya ndizi na matunda yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na kileo kikali kinachochoma koo. Na kumbuka kuchacha kwenyewe huzalisha joto. Ndoo iliyo ndani ya chumba cha nyuzi 26 inaweza kuwa na nyuzi 29 katikati. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua ladha. Baada ya hapo joto likipanda kidogo halina madhara, tena linasaidia.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku huwa baridi, mara nyingi nyuzi 10 hadi 12, na sakafu ya saruji hukaa baridi hadi mchana. Hapo laga ya kweli inawezekana bila friji maalumu ya kuchachushia, hasa Juni hadi Agosti. Tupa pakiti ya koponi, nunua mbili za gramu 11.5 za hamira ya laga SafLager W-34/70 kwa lita 20. Kiwango chake ni nyuzi 12 hadi 18. Simamisha ndoo ndani ya beseni pana lenye maji yanayofika nusu ya ndoo, iweke kwenye kona isiyopata jua, na kila asubuhi tia chupa moja ya lita 1.5 iliyogandishwa. Maji mengi hupanda joto polepole, kwa hiyo jua la saa saba haliifikii bia. Lengo ni nyuzi 14 hadi 16. Haidromita ikifika 1.015 hivi, ondoa ndoo kwenye maji uiache ifike nyuzi 18 hadi 20 kwa siku tatu. Hatua hiyo huipa hamira nafasi ya kula ile ladha ya siagi ambayo laga huacha ikikatizwa mapema. Kwa nini pakiti mbili? Kwa baridi hamira huzaana taratibu. Ukiweka moja itachelewa kuanza, na vijidudu vingine vitatangulia mezani.

Kisumu ni habari nyingine. Mita 1,130 hivi, mchana nyuzi 29 au 30, na hewa ya ziwa ina unyevunyevu, kwa hiyo mbinu ya kuzungushia ndoo kitambaa kilicholowa haipoozi sana. Kung'ang'ania hamira ya laga huko bila friji maalumu ni kupoteza hamira nzuri. Kuna njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni pakiti moja ya hamira ya eli SafAle US-05, beseni la maji, na chupa mbili za barafu asubuhi na mbili jioni kwa siku nne, ukilenga nyuzi 18 hadi 20. Inatoa bia safi ambayo wengi hawataitofautisha na laga. Ya pili ni hamira ya asili ya Norway iitwayo kveik, mfano LalBrew Voss, inayofanya kazi vizuri kati ya nyuzi 35 na 40 na kukubali hata 25. Hii hupenda joto la Kisumu na humaliza kwa siku chache. Huacha harufu hafifu ya chungwa, na huhitaji lishe: ukiitumia, acha sukari, weka kimea pekee pamoja na nusu kijiko cha chai cha chakula cha hamira. Sisi tungechagua US-05 kwa anayetaka ladha ya laga, na Voss kwa asiye na friji ya kugandishia chupa.

Njia yoyote utakayochukua, usimimine hamira kwenye maji ya kimea yenye moto. Chemsha maji lita 5 tu, zima moto, yeyusha rojo na kimea, kisha ongeza maji uliyochemsha jana yake na kuyapoza hadi jumla ifike lita 20. Ukizima moto kwanza rojo halitaungua chini ya sufuria. Rojo lenyewe halihitaji kuchemshwa tena. Ukilichemsha saa nzima linakuwa jeusi na kupoteza harufu ya hopsi iliyotiwa kiwandani. Tikisa ndoo kwa nguvu dakika mbili kuingiza hewa, pima joto, ndipo umimine hamira.

Maji ya bomba yenye klorini huleta ladha ya dawa ya hospitali, kwa sababu klorini hujiunga na viungo vya kimea. Kuyachemsha dakika 15 bila kifuniko, au kuyaacha wazi usiku kucha, huiondoa. Maji ya visima vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, yana tatizo jingine: floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi bali huizidisha maji yanapopungua. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa ni bora zaidi, kwani rojo tayari lina madini lililotoka nayo kiwandani na halidai mengine. Kericho na Kakamega, kwenye mvua tele, hawana kisingizio.

Hopsi ni nyongeza ndogo yenye faida kubwa. Gramu 20 hadi 25 za Saaz au Hallertau, katika mfuko wa kitambaa safi, zichemshwe dakika 10 ndani ya lita 2 za maji na gramu 200 za kile kimea ulichopima, kisha mimina yote ndani ya ndoo. Uchungu hauongezeki sana. Kinachoongezeka ni harufu ya majani na maua ambayo kopo la bei nafuu limeipoteza. Ila kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, zipeleke kwenye hamira.

Usafi ni wa kawaida lakini hauna msamaha. Dawa ya kutakasa isiyohitaji kusuuzwa ndiyo nzuri. Ukitumia Jik, vijiko 4 vya mezani katika lita 20 za maji baridi, dakika 20, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa, la sivyo ile ladha ya hospitali itarudi. Usiichanganye kamwe na siki. Hutoa gesi ya sumu. Ndoo yenye mikwaruzo ndani ibadilishwe, maana vijidudu hujificha humo.

Usitie chupani kwa kuhesabu siku za karatasi. Haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo, kwa kawaida 1.008 hadi 1.011. Ukiiwahi, chupa zitalipuka, na kioo cha bia kinachopasuka kinaweza kumpofusha mtu. Kwa gesi, yeyusha gramu 130 za sukari katika kikombe cha maji yaliyochemka, zimwage kwenye ndoo ya pili safi, kisha hamisha lita 20 za bia juu yake kwa mrija bila kuirusharusha. Kutia sukari kwa kijiko kila chupa huleta chupa moja bubu na nyingine bomu. Chupa za kahawia za nusu lita ndizo za kutumia. Za kijani na nyeupe huruhusu mwanga kuharibu hopsi na kuleta harufu mbaya. Chupa za plastiki za soda pia zinafaa ukizifunika zisipate mwanga, na ukizibonyeza unajua gesi imeingia.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa kutengeneza na kuuza kileo, kwa hiyo ulizia ofisi ya leseni ya kaunti kabla ya kufungua kopo.

Baada ya wiki mbili chupani kwenye nyuzi 20 hadi 25, onja moja. Ikiwa na ladha ya tufaha bichi, bado ni changa, irudishe ikae. Nyingine ziweke kwenye friji wiki tatu au nne. Hapo ndipo bia ya kopo hung'aa na kulainika. Mimina polepole mara moja, bila kuirudisha chupa wima katikati, na uache kidole kimoja cha mwisho pamoja na mashapo.