Niliagiza 5600G, nikafungiwa 5600

Nianze na sifa, maana nikianza na duka sitafika kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: Ryzen 5 5600 ni kitu kizuri sana. Shida ni kwamba sikuiagiza.

Mimi nahariri video za sendofu na harusi hapa Dodoma. Laptopu ilishanichosha, nikaamua kuunga kompyuta yangu mwenyewe, kidogo kidogo. Ndiyo maana nilitaka 5600G. Hiyo G mwishoni si pambo. Maana yake prosesa ina grafiksi ndani, skrini inawaka hata kama huna kadi ya picha. Kadi ningenunua baadaye, harusi zikichanganya. Nikamwandikia muuzaji mmoja wa mjini kati jina zima, pamoja na G yake. Akajibu, "Ipo dada." Nikalipa.

Nilipofika nikakuta keshafunga kila kitu. Prosesa imekaa kwenye mazabodi, ile bodi kuu, pesti ya kupitisha joto imepakwa, feni imekazwa juu yake. "Nimekurahisishia," anasema. Risiti inasema 5600G. Nikapakia kwenye bajaji mpaka Nkuhungu.

Nyumbani ikawaka, feni zinazunguka, taa za rangi zinacheza, skrini tupu. Nikabadilisha waya, nikachomoa ramu na kuirudisha, nikaazima skrini kwa jirani. Hola. Mdogo wangu anayesoma UDOM akaniuliza swali moja tu: "Dada, hiyo prosesa uliiona kwa macho?"

Nikarudi nayo dukani. Yule bwana hata kuigusa hakuigusa. Akanitazama kutoka nyuma ya kaunta, wateja wamejaa, akauliza, "Shemeji yupo? Aje yeye tuelewane." Shemeji gani? Aliyelipa ni mimi, aliyemwandikia ni mimi, na huyo shemeji hajui hata ramu inakaa wapi! Akaongeza, "Basi umeiunguza na umeme wa huko kwenu." Nikamwambia, kaka, maneno ya nini, fungua feni tusome kilichoandikwa juu ya prosesa.

Akalegeza skrubu, akaishika feni, akaing'oa kwa mkupuo kama anang'oa karanga shambani.

Anayejua soketi ya AM4, pale prosesa hii inapokaa, hapa atakuwa keshashika kichwa. Feni ile haivutwi hivyo. Unaiwasha mashine kidogo pesti ipate joto ilainike, unazima, unachomoa waya, kisha unaizungusha feni taratibu kulia na kushoto mpaka iachie. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inatoka nayo ingawa soketi imefungwa. Na ilitoka. Imeganda chini ya feni, miguu yake 1,331 iko hewani, mingine imepinda. Kwenye soketi nyingine, kama AM5 au LGA 1700 ya Intel, miguu iko kwenye mazabodi, prosesa haina cha kupinda. AM4 miguu ni ya prosesa yenyewe. Prosesa yangu!

Hakupepesa jicho. Akatoa wembe, akaanza kunyoosha mguu mmoja mmoja. Nitasema ukweli, mkono anao. Hakuvunja hata mmoja.

Akafuta pesti kwa tishu. Ryzen 5 5600. Basi. Baada ya hapo hakuna herufi.

"Herufi tu hiyo, dada. Hii ina nguvu kuliko uliyoagiza."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakudanganya. 5600 ina kache ya L3, ile kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa, ya MB 32, 5600G ina 16, na ukiwa na kadi ya maana ya kwanza inaipita ya pili. Lakini nguvu hiyo nitaionea wapi bila picha? Pesa akasema hairudi. Kadi anazo, nichague. Yaani anikosee, halafu aniuzie dawa ya kosa lake!

Kwake sikununua. Nilipata kadi ya RX 580 ya mtumba kutoka Dar, ikaja na basi, na sina shaka ilishachimba sarafu za mtandaoni mpaka ikachoka. Paua saplai, kile kisanduku cha umeme, nayo nikabadilisha, ya kwanza haikuwa na waya wa kuilisha. Hizo zote ni hela ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na kuna bibi harusi aliyesubiri video yake hadi mama yake akaanza kunipigia simu.

Sasa hivi inapiga kazi, siwezi kulalamika. Faili ya harusi nzima inatoka nikiwa bado napika. Mtu akiniletea ile 5600G leo tubadilishane, nakataa.

Kwa hiyo prosesa, nyota tano. Duka nilitaka kulipatia mbili, maana bei yake ilikuwa chini kuliko wote niliowauliza mjini, na ule wembe ni ufundi. Labda hata tatu. Ila kila nikiandika tatu namsikia anauliza shemeji yupo. Moja. Na risiti yenye G ninayo, akitaka kubisha aje, na mke wake aje naye tuelewane.