Uzoefu wangu na fundi bomba aliyezuia gesi kuvuja nyumbani kwangu, Isevya, Tabora

Aliyenusa gesi kwanza nyumbani kwangu ni mjukuu wangu wa miaka minne, ambaye alikuwa ameketi sakafuni jikoni akimenya karanga. Aliniambia, "Bibi, huku chini kunanuka." Mimi niliyekuwa nimesimama mbele ya jiko sikuwa nimesikia chochote, lakini nilipoinama hadi usawa wa kichwa chake nikaipata ile harufu ya kabichi iliyooza. Gesi ya mitungi tunayopikia, yaani propani na butani, kwa asili haina harufu, na hiyo inayonuka ni dawa inayoongezwa makusudi ili ituonye. Nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini kama maji, mahali ambapo watoto hucheza na mtu mzima hapeleki pua yake.

Nilimtoa mtoto nje, nikafunga koki ya mtungi, nikafungua mlango na dirisha, na swichi ya taa sikuigusa. Jirani yangu alikuwa na jiko la mkaa uani karibu na mlango wangu, nikamwomba alisogeze mbali, naye akafanya hivyo bila kuuliza. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mtungi wangu wa kilo 15, ambao kwa kawaida hunipeleka wiki tano, ulikuwa umekwisha baada ya wiki tatu, na kwamba nilimlaumu muuzaji moyoni nikidhani amenipunja. Nilimwonea.

Nilimwita kwanza fundi niliyemzoea, kijana wa mtaani aliyeniwekea mabomba ya maji na ambaye kazi yake ya maji sina neno nayo. Alikaza klipu ya mpira, akazungusha tepu nyeupe kwenye kiungo, kisha akaomba kiberiti ili apime kama bado inavuja. Nilimshika mkono. Aliniambia, "Mama, gesi kidogo namna hii haina shida," nami nikamjibu kwamba ndani ya nyumba yangu njiti haitawashwa. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimesikia wengi wakilitaja kama njia ya kawaida ya kupima. Gesi hii ikifika kiasi cha sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa inatosha kushika moto, na hakuna anayeweza kukisia kwa macho imefika ngapi chini ya kabati. Nilimlipa shilingi 10,000 za usumbufu, tukaagana vizuri, na usiku huo nilipika kwa mkaa.

Fundi wa pili nilielekezwa na mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stesheni ya reli, ambaye hutumia mitungi mikubwa kila siku. Kwenye simu, kabla hata hajataja bei, aliniuliza kama koki ya mtungi imefungwa, kama kuna mtu amewasha kitu, na mtungi umekaa wapi. Maswali hayo matatu yalinipa imani naye kuliko sifa zote nilizoambiwa.

Alikuja na chupa ya maji ya sabuni, brashi ndogo, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao alikuwa ameukunja kama herufi U juu ya ubao na kuutia maji yenye rangi. Aliuunganisha kwenye bomba langu, akafungua mtungi, na maji yakashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili hadi yakaachana kwa sentimita 30 hivi, ambayo alisema ndiyo nguvu ya gesi inayotakiwa baada ya regulata, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi. Kisha akafunga mtungi, akaweka alama kwa kalamu, tukasubiri. Maji yalianza kurudi mbele ya macho yetu. Ndipo alipochukua brashi na kupaka povu kiungo kimoja kimoja, na kwenye elbo, yaani kiungo cha kona, ya bomba la chuma inayotokea ukutani, vipovu vidogo vikajitokeza mfululizo kama wali unaoanza kutokota.

Aliifungua elbo ile, akanionyesha katani iliyozungushwa kwenye hesi, ile mikato ya kukazia bomba, na kupakwa rangi, kama mafundi wanavyofanya kwenye bomba la maji. Maelezo yake yalinifungua macho: katani huziba maji kwa sababu ikilowa huvimba, lakini gesi ni kavu, na katani iliyokauka husinyaa na kuacha njia. Kumbe aliyenifungia bomba hilo la gesi miaka ile hakuzembea, alifanya alichofundishwa, ila alikifanya kwenye kitu kisichostahili. Mpira nao ulikuwa wa maji, ule wa kumwagilia bustani. Alipoukunja ukaonyesha nyufa kama za kisigino. Alisafisha hesi kwa brashi ya waya, akafunga tepu ya njano ambayo ni nene kuliko ile nyeupe ya maji, kisha akaweka mpira mpya uliochapwa kwamba ni wa gesi pamoja na mwaka wa kutengenezwa, na klipu ya chuma kila mwisho.

Baada ya hapo fundi mwingine angechukua fedha yake. Huyu alirudia kipimo chake cha maji, na baada ya robo saa maji yalikuwa yameshuka kwa upana wa kidole. Alifungasha vifaa? Hapana, alianza upya na povu, akakuta kitobo cha tatu kwenye koki ya plati ya kushoto ya jiko lenyewe, akaifungua, akaisafisha na kuipaka grisi maalumu. Kipimo cha tatu kilikaa robo saa nzima bila maji kuondoka kwenye alama, nami nilikuwa nimechuchumaa pale nikiitazama ile alama kama mtu anayetazama mgonjwa anayeanza kupumua vizuri. Kabla ya kuondoka aliuhamisha mtungi wangu uliokuwa nje karibu na tundu la maji machafu, kwa kuwa gesi ikivuja pale huingia kwenye bomba la taka na kutokea mahali usipopategemea.

Nilimlipa shilingi 40,000 za ufundi, na vifaa vilifika shilingi 23,000. Si bei ndogo kwa mtaa wetu, lakini alinitajia yote kabla ya kuanza na hakuongeza hata mia. Imepita miezi minne, mtungi umerudi kwenye wiki zake tano, na mwanzoni mwa kila mwezi ninapaka povu mwenyewe kwa brashi aliyoniachia. Hata hivyo aliniahidi saa tatu asubuhi akafika saa saba mchana bila kupiga simu, siku ambayo nilikuwa nimefunga biashara yangu ya vitafunwa kwa ajili yake, na risiti ilibidi niiombe mara mbili ndipo aniandikie kwenye karatasi ya daftari. Kwa kazi yenyewe ninampa alama zote. Kwa saa zile nne za kusubiri ninaondoa moja.