TAHADHARI: Kuna muuza kontroli boksi na funguo za imobilaiza, msimtumie hela

Wadau someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna jamaa yuko mtandaoni anauza kontroli boksi za mtumba, yaani kompyuta za injini, na funguo zenye chipu, anajiita mtaalamu wa imobilaiza, ule ulinzi unaozuia gari isiwake kwa funguo isiyosajiliwa, picha kali, mashine za kupimia zimepangwa mezani, na maneno yake ni yale yale: boksi yako imekufa, ninayo nyingine, unachomeka, unawasha, unaondoka. Jina silitaji maana halisaidii, kila akishaumiza watu wa kutosha anabadili jina na laini ya simu, shikeni tu namna anavyofanya kazi mtamjua hata akija na sura mpya.

Mi nafanya umeme wa magari, na gari zilizopita kwake zikishindikana ndo zinaletwa kwangu, kwa hiyo haya nayoandika nimeyakuta chini ya dashibodi za watu.

Mchezo unaanza hivi. Gari inagoma, stata inazungusha vizuri tu ila injini haishiki, au inashika sekunde moja mbili inazima, na kwenye dashibodi kuna taa ndogo inapepesa, imechorwa funguo au kigari chenye kufuli. Mwenye gari anapata presha, anaingia mtandaoni anampata huyu bwana, anaanza kumwelezea na kabla hajamaliza kishajibiwa, boksi. Hajauliza ni gari ya mwaka gani, hajauliza funguo ya akiba inafanyaje, betri hajui ina hali gani, kodi hata moja, zile namba za hitilafu zinazosomwa kwa mashine, hajasoma. Boksi tu! Nusu ya hela mbele, nyingine ukipokea mzigo.

Mzigo kweli unafika, hapo hadanganyi. Unachomeka, unawasha, gari inanguruma sekunde mbili, inazima. Unampigia anakwambia umeona, imewaka, hiyo inajifunza gari yako, washa zima washa zima itazoea. Jamani hakuna kitu kama hicho. Boksi iliyotoka kwenye gari ya mtu mwingine imesajiliwa funguo za huyo mtu, wewe haikujui, na gari nyingi zimetengenezwa makusudi ziwake kidogo kisha zikate mafuta zikiona funguo siyo, kwa hiyo hizo sekunde mbili ndo imobilaiza yenyewe inakukataa. Na Nissan nyingi ukikomaa kuzungusha na funguo isiyosajiliwa inajifungia kabisa, ukipima unakuta kodi P1610, sasa una tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Ngoja nieleze kidogo inavyofanya kazi maana huyu anatembelea watu kutojua. Kwenye kichwa cha funguo mna chipu, haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la swichi. Ukiweka ON koili inarusha mawimbi, gari nyingi ni kilohezi 125, chipu inaamka inatoa jibu lake, kompyuta inalinganisha na ilichosajili, ikiridhika inaachia mafuta na moto wa plagi, isiporidhika utazungusha stata mpaka betri ikate. Kwenye gari zingine mambo yote haya yako ndani ya kontroli boksi, zingine zina kiboksi cha imobilaiza pembeni, ndo maana mtumba wa uhakika unauzwa kwa seti, boksi ya injini, kiboksi cha imobilaiza na funguo yake, vyote kutoka gari moja. Boksi peke yake inaweza kufanya kazi ndiyo, ila lazima fundi aisajili kwa mashine au ahamishe data za boksi yako ya zamani aziingize kwenye mpya. Hiyo ni kazi na inafanyika kila siku. Kuchomeka na kuondoka ni maneno ya kuuzia.

Sasa ukimbana kwamba gari haiwaki ndo anakuja na ombi ambalo ndo lilikuwa shabaha yake toka mwanzo, nitumie boksi yako ya zamani nihamishe data. Ukituma umekwisha. Boksi yako mara nyingi ilikuwa nzima kabisa, anaigeuza bidhaa anamuuzia mwingine, na wewe unabaki na boksi ya mtu isiyokujua na data za gari yako zimeondoka. Hapo hata fundi mzuri anahangaika, maana ambacho angenakili ndani ya saa moja hakipo tena, itabidi aanze kutafuta njia ndefu na wewe ndo unalipia hiyo njia ndefu.

Kwa wale anaowafikia mwenyewe ana ujanja mwingine, na huu ndo ulionifanya niandike. Anakuja na seti, boksi na funguo ya gari iliyotoka. Ile funguo anaipasua anatoa chipu, anafungua plastiki chini ya usukani, anaibandika ile chipu kwa solotepu pembeni ya koili, anarudishia. Baada ya hapo gari inaona chipu sahihi muda wote, hata ukiingiza funguo ya kuchongesha isiyo na kitu. Inawaka mbele yako, unafurahi, unalipa, anakwambia nimeprogramu. Hajaprogramu chochote! Amekuachia gari isiyo na ulinzi, mwizi akivunja swichi kwa bisibisi anaondoka nayo maana chipu iko mle mle ndani inamsubiri. Halafu inakuja ile gari inawaka asubuhi jioni inagoma, kwa sababu chipu ya kwenye funguo yako na ile ya solotepu zinajibu kwa wakati mmoja, koili inasikia makelele haielewi yupi ni yupi. Akijua hivyo anang'oa na chipu ya funguo yako anaondoka nayo, eti imeungua. Chipu ya aina hii haiungui kirahisi, zinavunjika ikidondoshwa vibaya, au zinapotea mtu akibadilisha kava la funguo akasahau kuihamisha, ila kuungua tu yenyewe mi bado sijaiona.

Na msimwachie funguo ikalala kwake. Kuna chipu za zamani kunakili ni suala la dakika, na siyo siri, toka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na kampuni ya RSA walishaonyesha hadharani jinsi ya kuvunja chipu zenye namba ya siri fupi ya bit 40 za kampuni ya Texas Instruments ambazo magari mengi yalikuwa yanatumia. Mashine za kunakili siku hizi ziko kila mahali. Mtu ambaye ana nakala ya funguo yako, namba yako ya simu na picha ya gari yako mbele ya geti siyo mtu wa kumtania.

Kabla hujamsikiliza yeyote anayesema boksi imekufa angalia vitu vya bure kwanza. Ile taa. Kupepesa gari ikiwa imezimwa ni kawaida kwa gari nyingi, watu wanaogopeshwa na kitu cha kawaida kabisa. Weka ON uone, ikiwaka kidogo ikazimika maana yake imobilaiza imekubali funguo, ugonjwa uko kwingine, pampu ya mafuta, sensa ya krenki inayosoma mzunguko wa injini, fyuzi, huko ndo kwa kutafuta na mtu akikuuzia boksi muda huo ni mwizi. Ikiendelea kupepesa au ikibaki imewaka, hapo ndo tuongelee imobilaiza, na hata hapo boksi iko mwisho kabisa wa foleni. Jaribu funguo ya akiba. Ikiwasha tatizo ni funguo, basi. Toa funguo zingine zote kwenye pete, ile ya pikipiki na ya gari la mkeo, chipu mbili na vyuma vikikaribiana na koili vinavuruga mawasiliano, imeandikwa hadi kwenye vitabu vya magari ila nani anasoma. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa inatakiwa isome kama volti 12.6 gari imezimwa, ikisoma chini ya 12 chaji kwanza ndo uendelee, na ukizungusha stata ikashuka chini ya 9.6 hivi kompyuta yenyewe inapoteza akili unaanza kuona maajabu ambayo siyo ugonjwa. Nimeona gari ambayo jamaa alishapigia hesabu ya boksi na funguo mbili, kumbe soketi ya koili ya swichi ilikuwa imelegea, mtu alifungua usukani kuweka alamu hakuirudishia vizuri.

Betri ya rimoti watu wanaichanganya sana. Kama gari yako unachomeka funguo ya chuma, betri ya rimoti ikifa milango haifunguki kwa batani lakini gari inawaka kama kawaida. Za kubonyeza batani ndo zinaleta habari ya rimoti haionekani, na zenyewe nyingi zina sehemu ya dharura, Toyota kwa mfano unagusisha rimoti kwenye batani ya kuwashia halafu unabonyeza. Huyu bwana anawauzia watu rimoti nzima kwa tatizo la betri ya CR2032.

Kodi nazo dai uoneshwe, siyo kuambiwa. P0513 ni funguo siyo sahihi, P0633 ni kompyuta haijasajiliwa funguo, Toyota ukiona B2799 mawasiliano ya imobilaiza yana shida, na hiyo shida inaweza kuwa waya tu. Hakuna kodi hata moja kati ya hizo inayosema nunua boksi. Na ukinunua funguo uliza aina ya chipu, ya 4C na ya 4D na ya G na ya H hazibadilishani hata kama kava ni lile lile na imechongwa ikaingia vizuri kwenye swichi. Jamaa anatuma yoyote aliyonayo halafu anasema fundi wako hajui kuprogramu.

Akishindwa kote anakupa ofa ya mwisho, tuiue imobilaiza kabisa. Inawezekana, sikatai, kuna gari mbovu kabisa watu wanafikia huko kwa makubaliano. Ila jua unachokubali. Uingereza walilazimisha gari mpya ziwe nayo toka 1998, Australia 2001, Canada 2007, hawakufanya kwa urembo. Na Marekani mmeona yaliyozikuta Kia na Hyundai, matoleo mengi mpaka ya 2021 yalitoka bila imobilaiza, vijana wakawa wanavunja swichi na kuzungusha kwa kichwa cha waya wa USB. Ukiiua ongea na bima yako kabla, wasije wakaligundua siku ya kudai.

Kama ulishapita kwake fanya hivi leo. Fungua plastiki ya chini ya usukani mulika kuzunguka koili, ukikuta kitu kidogo cheusi saizi ya punje kimefungwa solotepu usikitupe, hiyo ndo chipu inayowasha gari yako kwa sasa, mpelekee fundi mwenye mashine aihamishie kwenye funguo au asajili upya, na mwambie asome funguo ngapi zimesajiliwa, gari nyingi zinaonyesha. Ikisoma tatu na wewe unazo mbili afute zote aanze upya. Boksi uliyonayo ipige picha stika yake namba zote zionekane. Na kama ya kwako bado iko kwake, dai boksi kwanza kabla ya hela, usimtishie polisi kwa simu kabla hujaipata maana akisikia hivyo anazima laini na boksi inauzwa jioni hiyo hiyo.