Miezi mitano ya kuagiza vitu sokoni kwa simu: uzoefu wangu hapa Mbeya

Naishi Isyesye, kazi yangu iko mjini, na nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Tukuyu mwaka jana. Miaka yote nimekuwa mtu wa kupita sokoni nikitoka kazini. Mara tatu au nne kwa wiki nashuka Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni, giza linaingia, nachukua kilichobaki, nadandia daladala na mifuko yangu miwili. Nikishafika nyumbani ndiyo naanza kuuliza leo tunapika nini.

Mwezi wa pili jirani alinielekeza kwa vijana wanaopokea oda za sokoni kwa WhatsApp na kukuletea mzigo kwa bajaji kila Jumamosi. Nimewatumia mpaka huu mwezi wa saba. Jina lao silitaji, maana bado wanajitafuta na baadhi ya makosa nitakayoyasema wameshaanza kuyarekebisha. Naandika kwa ajili ya mama au baba mwenye familia kama yangu anayejiuliza kama inalipa.

Utaratibu wao ni mwepesi. Alhamisi jioni wanatuma bei za wiki. Orodha yako unaituma kabla ya saa mbili usiku Ijumaa, wanakujibu jumla, unalipa nusu kwa simu na nusu mzigo ukifika. Wanatoza 2,000 ya huduma na 3,000 ya bajaji mpaka kwangu. Nyama hawauzi, na mimi sioni tatizo, bucha yangu naijua.

Kilichonisumbua mwanzoni ni vipimo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojiona wameibiwa kumbe hawajaibiwa, na wengine wanaibiwa bila kujua. Sokoni mimi sinunui viazi kwa kilo. Nanunua sado, au debe kukiwa na wageni. Nyanya ni fungu, mchicha ni fungu, vitunguu ni fungu au sado. Sado ni lile kopo la rangi la lita nne, kila muuzaji analo, lakini kila muuzaji ana mkono wake. Anayekujua anajaza mpaka viazi vinapanda mlima juu ya mdomo wa kopo, kisha anakutupia vingine viwili vya nyongeza. Asiyekujua anapanga vile vikubwa kwa ustadi, katikati yanabaki matundu, na wewe unaona kopo limejaa. Sheria ya Vipimo imekataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, gunia la mazao lisizidi kilo 100, na nakubaliana nayo kabisa kwa ajili ya mkulima. Ila sisi wa rejareja tumelelewa kuutafuta ule mlima wa sado.

Hawa vijana wanauza kwa kilo. Wiki ya kwanza niliandika "viazi kilo 4" kwa kubahatisha tu. Jumatano vilikuwa vimekwisha. Nikaazima mzani wa kuning'iniza kwa jirani anayeuza kuku, nikaenda Mwanjelwa nikanunua kama kawaida, nikapima kila kitu pale uani kwangu. Sado ya viazi yenye mlima ilikuwa kilo tatu na nusu kasoro kidogo. Sado ya muuzaji mwingine, bei ileile, haikufika kilo tatu. Maharage sado moja, kilo tatu na robo. Fungu la nyanya la 1,000 lilikuwa nyanya sita mwezi wa tatu mvua zikiwa zimekolea. Mwezi huu nimehesabu kumi na tatu. Siku ile niliandika kwenye daftari, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya ndoa, kwamba nyumba yangu inakula kilo saba za viazi kwa wiki. Nilikuwa sijui.

Na hapo ndipo nilipoona faida ambayo hata wao hawaitangazi. Kwa kuwa orodha lazima iondoke Ijumaa, inabidi Alhamisi usiku niwe nimeshajua Jumatano ijayo tutakula nini. Tunakaa mimi na mama mkwe, chai iko mezani, watoto wameshalala. Mama hasomi vizuri bila miwani, kwa hiyo naandika yeye akisema. Mboga laini zinatangulia: mchicha na majani ya maboga yaliwe Jumapili na Jumatatu, chainizi isivuke Jumanne, kisha kabichi, karoti na njegere zibebe wiki mpaka Ijumaa. Maharage tunaloweka Jumamosi usiku, Jumapili nachemsha sufuria kubwa mara moja, nagawa kwenye makopo matatu: moja la kuunga kesho yake, mawili yanaingia friza. Wali maharage wa Jumatano unatoka humo, na makande ya Ijumaa pia. Kabla ya hapo nilikuwa nachemsha maharage mara tatu kwa wiki, na gesi ilikuwa inaniishia mapema.

Nyanya nawaandikia wazi: nusu zilizoiva, nusu zinazoanza kuwa nyekundu. Hizi za pili nazipanga juu ya kabati, siziweki kwenye friji, na kufika Alhamisi zimeiva vizuri. Viazi nahifadhi stoo kwenye gunia, gizani, mbali na vitunguu. Kiazi kikipigwa na mwanga kinageuka kijani na kuwa kichungu, na ule ukijani si wa kula. Kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, kabichi iliyowekwa sakafuni stoo inamaliza wiki bila friji. Ndugu yangu aliyeko Kyela hawezi kufanya hivyo, joto la kule halimruhusu.

Sasa mabaya.

Jumamosi ya tatu bajaji ilifika saa sita na nusu. Kijana akashusha mzigo, akanipa shikamoo, akapokea hela, akaondoka. Nilipoinua gunia la viazi nikakuta chini yake mfuko wa nyanya. Maji mekundu yalikuwa yameshatoka kwenye mfuko na kuchora mstari mpaka kizingiti cha mlango. Kilo tatu, na nzima nilizozitoa zilikuwa kama nane. Nilipiga picha nikatuma. Jibu lilikuja jioni: "Pole mama, barabara ya kwenu mbovu." Iliniuma. Ni kweli, barabara yetu ya ndani ni mbovu, lakini barabara haikuweka viazi juu ya nyanya. Tangu mwezi wa tano wanaleta nyanya kwenye boksi gumu, na nawashukuru kwa hilo.

Mchele ndio ulionikera zaidi. Niliagiza kilo kumi za mchele wa Kyela, bei yake ikiwa juu kuliko ule mwingine kwenye orodha yao. Mama mkwe hapimi mchele kwa macho. Alichota kidogo kiganjani, akausugua kwa viganja viwili, akaupulizia pumzi ya moto, akaleta puani. Akarudia. Kisha akaurudisha kwenye mfuko taratibu.

"Mwanangu, huu si wa Kyela."

"Mama, wameandika Kyela."

"Upike basi."

Nikaupika. Ukiwa jikoni, mchele wa Kyela mtu aliyeko uani anajua kuna wali. Huu niliufunua, nikainamia sufuria, sikupata harufu yoyote. Ulikuwa mchele mzuri tu wa kula, haukuwa na mawe, lakini nililipia harufu na haikuwepo. Kurudishiwa tofauti ya bei kulichukua siku tisa na jumbe zisizopungua sita. Tangu hapo mchele siwaagizi. Na ningemshauri yeyote asiagize mchele kwa picha ya simu, kwa mtu yeyote yule. Mchele unanunuliwa kwa mkono na pua.

Kuna pia Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha, bajaji ikakataa kushuka kwetu. Nilifuata mzigo njia panda na mwanangu mkubwa, tukaubeba kwenye tope. Bajaji kukwama naelewa. Ila wangenipigia mapema nikajiandaa, maana nililipia mpaka mlangoni na hakuna shilingi iliyorudi.

Kwenye hela, niliweka kumbukumbu. Kabla ya huduma hii nilikuwa natumia karibu 85,000 kwa wiki kwa vyakula vya sokoni, nauli ikiwemo. Sasa ni kati ya 68,000 na 72,000, zile 5,000 zao zikiwa ndani. Bei zao kwa kilo si rahisi kuliko sokoni, nyingine zimezidi kidogo. Kilichopungua ni vile vitu vya kununua kwa sababu umeviona: fungu la karoti wakati nyumbani karoti zipo, parachichi nne zinazoivia kwenye mfuko. Na kilichopungua zaidi ni mboga za kutupa. Zamani kila Jumamosi nilikuwa natoa kwenye friji kitu kilichooza nikampa jirani wa nguruwe.

Lakini siwezi kusema nimehama soko. Mwanjelwa nililijua kabla ya moto wa 2006, nikiwa binti natumwa na mama yangu, na wapo wauzaji niliokua nikiwaona. Dada mmoja ananiuzia mboga mwaka wa tisa huu. Nilipokaa wiki tano bila kupita kwake, aliniona nikivuka barabara akaniita: "Mteja wangu, umenisusa?" Sikuwa na la kusema. Mwezi wa kwanza mwaka juzi, tulipolipa ada za watoto watatu kwa mpigo, ni yeye aliyenipa mboga wiki mbili bila kudai mpaka mshahara ulipotoka. Huduma ya simu haiwezi kunifanyia hivyo, wala siitegemei. Kwa hiyo mboga za majani nimegawa: chainizi naagiza, mchicha na majani ya maboga nanunua kwake Jumapili, yakiwa yamechumwa asubuhi hiyohiyo.

Kwa mtu anayeishi peke yake au na mwenzi wake tu, sioni kama inalipa. Elfu tano juu ya mzigo wa elfu kumi na tano ni nyingi mno. Kwa familia ya kuanzia watu wanne, mwenye kazi ya kutwa, na aliye tayari kukaa na daftari Alhamisi usiku, naipendekeza kwa moyo wote. Bila lile daftari utaagiza kwa kubahatisha kama mimi wiki ya kwanza, na Jumatano utajikuta Mwanjelwa tena saa kumi na mbili jioni. Kwangu wanapata nyota tatu na nusu kwa tano. Wakianza kupiga simu kabla bajaji haijakwama, na kurudisha hela ndani ya siku mbili, nitawapa ya nne.

Kwa anayetaka mahali pa kuanzia, orodha yangu ya Jumamosi hii ni viazi kilo saba, 7,000. Nyanya kilo tatu, 4,500. Vitunguu kilo mbili, 4,000. Maharage ya njano kilo tatu, 9,000. Karoti kilo moja, 1,500. Kabichi mbili, 2,000. Chainizi mafungu matatu, 1,500. Njegere zilizomenywa kilo moja, 4,000. Inakuwa 33,500, na huduma na bajaji 38,500. Nyama itatoka buchani kama kawaida. Mchele, ndizi na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, sikuviandika; Jumapili baada ya ibada nakwenda sokoni na mama mkwe, na mchele atauchagua yeye.